Je, Wajua? Namba ya Simu Husema Kabla ya Mwenye Simu

Je, wajua kwamba Mweso, mji wa barabarani katika uchifu wa Bashali, wilayani Masisi, mashariki ya Kongo, uko yapata kilomita 100 tu kutoka Goma, lakini habari zake nyingi huingia Goma kwa simu na si kwa miguu ya mwandishi? Njia ya kwenda huko hupitia Kitshanga, na Kitshanga imepiganiwa zaidi ya mara moja tangu Januari 2023. Mwandishi akikwama njiani, kinachombakia ni namba: ya muuguzi, ya mwalimu, ya mwenye duka, ya mjumbe wa shirika la kiraia. Mabomu yalipouangukia mji huo tarehe 25 Januari 2024 na kuua watu wasiopungua 19, dunia ilipata kujua kwa sababu watu wa namna hiyo walipokea simu wakasema walichokiona.

Je, wajua kwamba mtu huyohuyo, jina lake likivuja, hana pa kukimbilia? Kati ya Mweso, Kalembe na Pinga, pale Masisi inapokutana na Walikale, wamepita au kukaa jeshi la serikali FARDC na makundi yenye silaha: M23, APCLS, NDC-R, Nyatura wa makundi mbalimbali na FDLR. Neno lililokuwa salama Jumatatu linaweza kumponza msemaji Alhamisi, kilima kikibadilisha wenyewe. Na kumbukumbu ya simu aliyokupigia wiki iliyopita haifutiki kwa sababu watawala wamebadilika.

Tukubaliane jambo moja kabla ya kwenda mbio: maneno ya mtoa habari ndiyo ya mwisho kumsaliti. Hutangulia saa aliyopiga, mnara uliobeba simu, picha aliyotuma, nauli uliyomtumia, lafudhi yake, hata kitenge alichovaa. Waandishi wengi hununua kufuli la maneno na kuyaacha hayo mengine yote wazi.

Je, wajua kwamba kampuni ya simu haihitaji kusikia hata neno moja ili kujua nani anazungumza na mwandishi? Kila simu huandikwa: namba iliyopiga, namba iliyopokea, saa, muda na mnara uliotumika. Kumbukumbu hiyo wanayo Airtel, Vodacom na Orange, kama ilivyo kwa kampuni yoyote ya simu duniani, maana ndiyo inayotumika kukata salio. Sasa piga hesabu. Mji una minara michache. Namba ya redio ya Goma inajulikana, pengine hutangazwa hewani kila asubuhi. Habari ya Mweso inasomwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Anayetaka kujua nani kaisema anahitaji swali moja tu: jana jioni, ni namba gani ya mnara wa Mweso iliyozungumza na namba ya redio?

Je, wajua kwamba kubadili laini si kubadili simu? Bonyeza *#06# na itatokea IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo ni ya kifaa chenyewe. Simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Mtandao huviona vyote, laini na kifaa. Wakongo wana sababu ya kuikumbuka IMEI, kwani ndiyo iliyotumika kuwatoza kodi ya RAM kuanzia mwaka 2020, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa ya 3G au 4G, mpaka kelele za wananchi zilipoiondoa mwanzoni mwa 2022. Mtambo ulioweza kukukata salio kwa kifaa chako unakijua kifaa chako.

SMS ya kawaida, je? Mwenye mtandao anaweza kuisoma. Na mahali ambapo rezo, yaani mtandao, ni ya 2G peke yake, hata mtu wa pembeni mwenye vifaa vyake anaweza kuchungulia: mwaka 2009 mtaalamu wa Kijerumani Karsten Nohl alionyesha hadharani jinsi ya kuvunja A5/1, ufumbaji uliokuwa ukilinda simu nyingi za 2G duniani.

Foni, ile redio ya upepo inayounganisha vituo vya afya, misheni na machimbo mahali pasipo na minara, ndiyo mbaya kupita zote. Yeyote aliye kwenye mawimbi yale anasikia. Kwa foni ulizia afya ya watu na bei ya maharage, habari ingoje.

Je, wajua kwamba WhatsApp imefumba ujumbe wote mwisho hadi mwisho tangu Aprili 2016, tena kwa ufumbaji uleule wa programu ya Signal? Basi kwa nini wataalamu bado wanaipendelea Signal? Kwa sababu ya kile kinachobaki nje ya maneno. Mwaka 2016 mahakama moja ya Virginia, Marekani, iliitaka Signal itoe taarifa za mtumiaji wake. Ilikuwa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipoingia mtandaoni mara ya mwisho. Hakuna orodha ya marafiki wala ya makundi. Tangu Februari 2024 unaweza hata kuzungumza na mtu kwenye Signal kwa jina la kubuni, asiione namba yako.

Lakini usimshurutishe kila mtu wa Mweso aweke Signal. Kama katika mtaa mzima ni yeye peke yake mwenye ile alama ya bluu kwenye simu, umemtia alama yeye mwenyewe. WhatsApp ambayo kila mtu anayo, ikiwekwa vizuri, mara nyingine humficha mtu kuliko programu bora ambayo hakuna mwingine anayo. Hapa nitapingana na wakufunzi wengi wa semina, na sijali.

Kuiweka vizuri ni nini? Je, wajua kwamba kwa miaka mingi nakala rudufu za WhatsApp zilizowekwa Google Drive au iCloud hazikufumbwa mwisho hadi mwisho, na kwamba ufumbaji huo uliletwa Oktoba 2021 kama hiari? Hiari maana yake haupo mpaka uuwashe mwenyewe. Kuna pia ujumbe unaotoweka. Mmoja akiuwasha huwafanyia kazi wote wawili, ingawa hauwezi kumzuia mtu kupiga picha ya skrini kwa simu nyingine. Kisha fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne vya ziada kusoma mazungumzo yako, na kuunganisha kimoja hakuhitaji ujuzi: simu yako iwe imefunguliwa, na sekunde chache.

Sekunde hizo hupatikana wapi? Pale simu inapoachwa ichajiwe. Simu inayoshinda kwa mtu mwenye sola iko mikononi mwa mtu mwingine kutwa nzima. Mchaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Mchaji naye ana shemeji.

Je, wajua kwamba kesi ya mwandishi iliyotikisa Kongo miaka ya karibuni ilijengwa juu ya metadata, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ambazo picha haikuweza kuwa nazo? Tarehe 8 Septemba 2023 Stanis Bujakera Tshiamala, mwandishi wa Jeune Afrique, Reuters na Actualite.cd, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Kisa ni makala ya Jeune Afrique ya tarehe 31 Agosti, iliyotaja hati inayodaiwa kuwa ya idara ya ujasusi, ANR, kuhusu mauaji ya mwanasiasa Chérubin Okende. Makala yenyewe haikuwa na jina la Bujakera. Simu zake na kompyuta zikachukuliwa, naye akapelekwa gereza la Makala. Waendesha mashtaka wakadai kuwa metadata za picha ya hati ile zinamwonyesha yeye ndiye aliyeisambaza wa kwanza, kupitia Telegram na WhatsApp. Shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, RSF, likaichunguza hoja hiyo. Programu hizo mbili huondoa metadata za picha zinapotumwa kama picha. Na anwani ya IP iliyotajwa kuwa ya Telegram ilikuwa ya Uhispania, haina uhusiano wowote na Telegram. Mwendesha mashtaka aliomba kifungo cha miaka 20. Tarehe 18 Machi 2024 mahakama ikampa miezi 6, ambayo alikuwa ameshaipita akiwa ndani, na kesho yake akatoka. Chanzo chake hakukitaja.

Kesi hiyo huzungumzwa kama kesi ya uhuru wa habari, na ni kweli. Lakini mwandishi wa Masisi aisome pia kama somo la ufundi: simu yako inaweza kukaa mikononi mwa dola miezi sita. Usichokiweka ndani yake hakitapatikana.

Hapa pana mtego. Je, wajua kwamba picha ileile, ukiituma WhatsApp kama faili au hati badala ya picha ili ubora usipungue, husafiri na taarifa zake zote: saa, aina ya simu na, kama mahali palikuwa pamewashwa, hata nukta ya ramani? Desemba 2012 tajiri wa kompyuta John McAfee alikuwa akiwakwepa polisi wa Belize. Jarida la Vice likachapisha picha aliyopigwa na waandishi wake, na ndani ya picha kulikuwa na nukta ya ramani: Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko. Mwandishi hakusema neno; picha ilisema.

Na karatasi? Karatasi nayo husema. Mwaka 2017 Marekani ilimkamata mtoa siri Reality Winner baada ya tovuti ya habari ya The Intercept kuwaonyesha maofisa nakala ya hati iliyotumwa kwao. Ilionekana kuwa imekunjwa, yaani ilichapishwa; kumbukumbu za ofisi zikaonyesha watu sita tu waliichapisha. Tena mashine nyingi za kuchapisha kwa rangi huacha vidoa vidogo vya manjano visivyoonekana kwa macho, vyenye tarehe na namba ya mashine. Ukipewa hati, usiirushe. Iandike upya kwa maneno yako, na ile ya asili asiione hata yule unayemwomba aithibitishe.

Je, wajua kwamba hela ndogo ya nauli huacha ushahidi mkubwa? Ukimtumia mtu M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, majina yenu mawili yanaandikwa pamoja, kiasi na dakika. Hata unite (salio) ulizomrushia ili akupigie zina kumbukumbu yake. Mwandishi aliyetumia wiki nzima kujifunza ufumbaji humtumia mtoa habari faranga za pikipiki kwa simu, halafu akalala usingizi wa amani.

Je, wajua kwamba shirika la utafiti la IPIS, katika ripoti yake ya mwaka 2017, lilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini? Vizuizi hivyo ni vya kutoza pesa kwanza, lakini mahali panapopekuliwa mzigo, simu hupekuliwa pia. Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, ya tarakimu sita milioni 1. Zote ni bora kuliko kidole, kwa kuwa kidole chaweza kushikwa na kuwekwa kwa nguvu juu ya kioo. Ujumbe usitokee kwenye skrini iliyofungwa. Jina lisiandikwe "Kanali" wala "Mtu wetu Pinga", na mazungumzo ya jana yasifike leo njiani. Ila simu tupu kabisa, isiyo na picha ya harusi wala kikundi cha kwaya, nayo huzua maswali. Iwe na maisha ya kawaida ndani yake.

Kuhusu kukutana ana kwa ana: wengi huzima simu wakifika. Simu mbili zinazozimika dakika moja, mnara mmoja, na kuwaka tena pamoja baada ya saa moja, zimejitangaza. Iache nyumbani ikiwa imewaka.

Je, wajua kwamba sauti iliyopandishwa au kushushwa kwa kompyuta inaweza kurudishwa ilivyokuwa na mtu mwenye programu ya kawaida tu? Redio ndiyo mfalme wa habari Kivu. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Na redio za kijamii husikilizwa mpaka shambani. Ndiyo sababu sauti ni hatari kuliko sura. Mweso wanazungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kinande na Kiswahili, na msikilizaji wa huko husikia maneno matatu akajua mtu anatoka kilima gani, pengine ni mtoto wa nani. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: maneno yaandikwe, yasomwe na mtangazaji mwingine. Yasafishwe pia ule msemo ambao mtu huyo tu ndiye husema.

Je, wajua kwamba sentensi moja ya staha inaweza kumtaja mtu bila jina? Hospitali kuu ya rufaa ya Mweso, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi, huwa na watumishi wanaojulikana mji mzima. Ukiandika "muuguzi wa zamu ya usiku aliyepokea majeruhi", umemtaja. "Mfanyakazi wa afya wa eneo la Masisi" inatosha, na habari haikupungua kitu. Msomaji wa Paris hajali ilikuwa zamu gani. Anayejali ni mtu wa Mweso mwenye bunduki.

Hayo ni mazito zaidi kwa walionusurika ubakaji. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wasiopungua 300 walibakwa Luvungi na vijiji jirani, wilayani Walikale, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Uso ukifichwa kwa ukungu, mlango wa nyumba unabaki. Kanga inabaki. Mtoto aliyepakatwa anabaki. Kijijini hakuna anayehitaji uso.

Tazama jinsi Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo linavyofanya. Lilipokadiria kwamba M23, baada ya kuitwaa Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, ilikuwa ikikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani, halikuandika ni mchimbaji yupi kasema. Tanbihi zake zimejaa vyanzo vya uchimbaji, wafanyabiashara, wapiganaji wa zamani, bila jina na mara nyingi bila kijiji. Takwimu ilifika dunia nzima. Majina hayakutoka.

Je, wajua kwamba majirani zetu wameshalipa gharama ya kunyamaza?

Burundi, Januari 2015: Bob Rugurika, mkurugenzi wa Radio Publique Africaine, aliwekwa ndani baada ya kurusha sauti ya mtu aliyejieleza kuhusu mauaji ya watawa watatu wa Italia huko Kamenge. Dola ilimtaka mtu huyo. Rugurika hakumtoa, akakaa ndani karibu mwezi, na alipoachiwa Februari barabara za Bujumbura zilijaa watu.

Uganda, Mei 2013: polisi waliizingira ofisi ya Daily Monitor siku kumi, wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa na aliyeitoa. Sheria ya Uganda inasema mwandishi halazimishwi kutaja chanzo isipokuwa kwa ridhaa ya mtoa habari au kwa amri ya mahakama. Polisi walikuja na amri ya mahakama. Ndipo unapoona kwamba sheria nzuri ina mlango wa nyuma.

Tanzania: Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwapa polisi utambulisho wa watu walioandika kwa majina ya kubuni. Alikwenda mahakamani zaidi ya mara mia, na tarehe 8 Aprili 2020 katika mojawapo ya kesi hizo alitiwa hatiani chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Faini ililipwa. Majina hayakutolewa.

Kenya ni habari ya juzijuzi, nayo inatisha kwa namna nyingine. Mei 2025 polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne wakiwahusisha na makala ya BBC, Blood Parliament; BBC ilisema hawakuhusika nayo. Simu zao zilichukuliwa, zikarudishwa Julai. Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilizipima na kubaini kwamba mbili kati yake zilikuwa zimewekewa FlexiSPY, programu ya kijasusi inayouzwa madukani mtandaoni, zikiwa bado mikononi mwa polisi. Simu iliyorudi kutoka kizuizini ni ya mtu mwingine. Uza, toa vipuri, mpe fundi. Usimpigie nayo mtoa habari.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 31, inalinda siri ya barua na ya simu? Inaongeza, kama katiba nyingi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Tarehe 13 Machi 2023 zilitiwa saini siku moja sheria mpya ya vyombo vya habari na sheria ya mambo ya kidijitali. Lakini Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura na magavana wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na raia wamefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Januari 2025 waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, alitangaza kwamba wanaosambaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23 wanaweza kukabili hukumu ya kifo, miezi kumi baada ya serikali kuondoa usitishaji wa adhabu hiyo. Mwezi huohuo Al Jazeera ilinyang'anywa kibali kwa kumhoji kiongozi wa M23. Upande wa pili, Goma ilikuwa inaangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari hiyohiyo. Mwandishi wa Masisi anaandika kati ya pande mbili zinazouliza swali lilelile.

Anaweza kutaja karatasi gani? Azimio la Munich la 1971 linahesabu siri ya chanzo miongoni mwa wajibu wa mwandishi. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la mwaka 2019, kanuni ya 25, linasema mwandishi asilazimishwe kutaja chanzo ila kwa amri ya mahakama iliyosikiliza pande zote. Sweden imekwenda mbali zaidi: huko mwandishi anayemtaja mtoa habari aliyeomba kufichwa ndiye anayetenda kosa la jinai. Tuitamani, basi.

Je, wajua kwamba Wakongo wawili walihukumiwa kifo kwa kutoa siri za benki? Gradi Koko Lobanga na Navy Malela Mawani walifanya kazi katika tawi la Kongo la Afriland First Bank. Hati walizozitoa zilihusu mtandao wa fedha wa mfanyabiashara Dan Gertler. Septemba 2020 mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo bila wao kuwepo; walikuwa wameshakimbilia Ulaya. Walisaidiwa na PPLAAF, jukwaa la kuwalinda watoa siri wa Afrika lililoanzishwa mwaka 2017. Linganisha na yule aliyetoa Panama Papers za mwaka 2016, hati milioni 11.5. Alijiita John Doe, na waandishi waliompokea hawakuwahi kumjua ni nani. Mwandishi hawezi kutaja asichokijua, hata akibanwa mbavu.

Je, wajua kwamba intaneti ya Kongo ilizimwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi karibu wiki tatu baadaye, na SMS nazo zilizimwa? Siku kama hizo mwandishi aliyetegemea programu moja huanza kupiga simu za kawaida kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo humwanika mtu. Njia ya pili ipangwe wakati rezo ipo: mtu wa kupeleka neno, siku ya soko, mahali pa kukutania.

Je, wajua kwamba ufumbaji bora duniani haumzuii mtu kubonyeza jina lisilo sahihi? Machi 2025 wakuu wa usalama wa Marekani walipanga mashambulizi ya Yemen ndani ya kikundi cha Signal, wakiwa wamemwingiza kimakosa Jeffrey Goldberg, mhariri wa The Atlantic. Safari hii mwandishi ndiye aliyefaidi. Soma orodha ya kikundi kabla ya kuandika, hasa vile vikundi vya waandishi wa Goma vyenye watu mia mbili, ambamo nusu yao hakuna anayejua waliingiaje.

Ndugu mwandishi, kabla ya kuipiga namba ya Mweso, muulize mwenye namba, ana kwa ana ikiwezekana au kupitia mtu mnayeaminiana: ni saa ngapi salama kwako, ni njia ipi usiyoitaka, na jirani akiuliza mimi ni nani wako, tutamjibu nini? Yeye ndiye anayeishi pale. Fuata jibu lake hata kama habari itachelewa siku mbili.